Mnyororo wa Lisenjele

Wenzangu wa karakana ya Majengo, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mmoja alisikia habari ya mlinzi na bunduki, mwingine habari ya sanda, na sasa mtaani wanasema nilikamatwa Tunduru na mawe. Sikukamatwa. Kaeni niwape yote kwa mfululizo, tangu tulipotoka Songea mpaka nilipobisha tena hodi kwangu.

Mama mkwe wangu mnamfahamu, Bi Asumini, mama yake Zainabu. Ameishi nasi tangu mumewe afariki. Masika haya mdogo wake wa mwisho alifariki kijijini kwao, upande wa Namasakata, na habari zilitufikia maziko yameshapita. Mama hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Maziko yamenipita. Arobaini haitanipita." Zainabu alikuwa na kichanga, hangeweza kusafiri. Nikabaki mimi.

Mnaelewa mzigo wenyewe. Mimi mbele ya mkwe sili, simtazami usoni, wala sikai naye mkeka mmoja. Nyumbani kwetu kuna milango miwili, kwa hiyo tuliweza kuishi. Safarini mlango wa pili ungetoka wapi?

Songea mpaka Hanga

Tulipata lori la mtu anayepeleka chumvi na sabuni Tunduru. Mama aliwekwa mbele na dereva, mimi juu ya magunia. Kikapu chake nilikipandisha juu, lakini kulikuwa na kifurushi kimoja alichokataa kukitoa mkononi, kimefungwa kwa khanga iliyochakaa na mafundo mengi. Nilipotaka kukipokea alikivuta kifuani.

"Hiki nakipakata mwenyewe, baba."

Sikuuliza. Lakini siku hizi za ruksa, kila mtu atokaye au aendaye Tunduru anashukiwa kubeba mawe ya vito, na mimi si malaika. Nilijiuliza mwanamke wa umri ule anamficha nini mume wa mwanawe.

Nami sikuwa peke yangu niliyekitazama. Mbele pale, kati ya mama na dereva, aliketi mtu mwenye miwani myeusi na viatu visivyo vya matope. Kila lori liliposimama alishuka kunyoosha miguu, na kila alipopanda alimwuliza mama kama asimsaidie kushika mzigo. Nilimsikia kutoka juu. Nikaanza kuteremka kila tuliposimama, nisimame karibu na mlango kama mtu anayekagua tairi.

Hanga tulifika mvua ikinyesha na dereva akakataa kuendelea. Watawa wa monasteri ya pale walitupa mahali pa kulala, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Mtawa mmoja, mtu mwenye maneno machache, alituletea ugali na bakuli la nyama. Mimi Mkristo nisingejali, lakini mama aliitazama ile nyama, akafunika bakuli kwa sahani.

"Mkwe," aliniita, uso wake ukiwa ukutani. "Nimeona zizi lao tulipokuwa tunaingia. Lina nguruwe."

Nilimfuata mtawa jikoni. Kwa aibu, badala ya kuuliza nyama ni ya nini, niliuliza kama nyama imebaki. Akadhani tuna njaa, akaniongezea bakuli la pili. Nikarudi nalo. Mama akanisikiliza nikijieleza, akasema, "Sasa tuna mawili." Ndipo mtawa mwenyewe akaja mlangoni, akaelewa bila kuambiwa.

"Mama, hiyo ni ng'ombe. Nguruwe tunampika Jumapili."

Mama alishukuru vizuri sana. Kisha alikula ugali na chumvi.

Hanga mpaka daraja lililokatika

Baada ya Namtumbo barabara ikawa si barabara. Tulisukuma lori, tukakata matawi tukayatandika chini ya magurudumu, tukasukuma tena. Mtu wa miwani hakusukuma. Mwishowe tulikuta foleni ya malori na watu wamekaa wanachoma mahindi, na hapo mbele daraja la mto Lisenjele limevunjika katikati, magogo yake yamechukuliwa na maji.

Dereva alizima injini akatandika turubai chini ya lori. "Hapa ni mpaka serikali ikumbuke," alisema.

Mama alishuka, akasimama ukingoni. Nilimwona akiangalia maji yanakoelekea.

"Mto huu unapita kwetu," alisema. "Nikiwa msichana tulikuwa tunapandishwa na mitumbwi kuja hapa juu kuuza samaki. Tafuta mtumbwi, baba. Arobaini ni keshokutwa."

Sikuhitaji kutafuta. Mtu mmoja alikuwa tayari amesimama nyuma yangu, mwembamba, shati limefungwa kiunoni. Aliitwa Bakari. Alisema anashuka na mtumbwi na angetuchukua. Nilimwuliza kwa nini abiria wengine waliokwama hawashuki na mto. Akasema watu wa siku hizi wanaogopa maji. Nikamwuliza kama njia ni salama. Akasema viboko wako, lakini ni wachache. Halafu akamtazama mama kwa muda, na kifurushi chake, akaniuliza, "Bibi atakaa mbele, sivyo? Pale mbele kabisa, aonekane?"

Hilo neno "aonekane" lilinitia shaka. Nilimwambia mama sijampenda mtu huyu.

"Kwani unamwoa?" alisema, akaanza kuteremka ukingo, na mtu wa miwani tukamwacha kwenye lori.

Kushuka Lisenjele

Ulikuwa mtumbwi wa gogo moja, mwembamba, wa kukaa kwa mstari. Mama mbele, mimi katikati, Bakari nyuma na upondo. Hivyo mkwe alinipa mgongo na mimi nikapata amani. Lakini njaa haina adabu. Bakari alikuwa na muhogo wa kuchoma na dagaa wakavu wa Nyasa, akatugawia, na hapo sikuwa na ukuta wa kujificha. Nilishika muhogo wangu mkononi mpaka ukapoa. Mama, bila kugeuka, alisema, "Kula. Mimi sina macho kisogoni." Nikala, nikitafuna polepole asisikie.

Nchi ile ni nzuri, nisiwadanganye. Miti imeinamia maji pande zote mbili, ndege wadogo wa buluu wanapita mbele yenu kama wanawaongoza. Lakini sikuweza kuifurahia. Bakari hakuwa mtu wa maneno, na maneno yake machache yote yalikuwa maswali. Bibi ana umri gani? Ni mzaliwa wa wapi hasa? Ana moyo wa kuogopa au hana? Ndani ya kifurushi kuna nini?

"Mzigo wa mwanamke," nilimjibu, "na wewe ni mwenye mtumbwi."

Jioni tulilala kwenye kijiji kidogo cha wavuvi. Niliona nyavu zimening'inizwa kavu, na mitumbwi imepinduliwa, mmoja umeota majani juu yake. Mwanamke aliyetupikia ugali aliuliza tunakwenda wapi. Nilipomwambia tunashuka mpaka Namasakata, alimtazama Bakari, Bakari akatazama chini, na yule mwanamke akaondoka na chungu chake bila kuuliza zaidi. Usiku ule nililala na mkono wangu juu ya kikapu cha mama.

Kwenye mnyororo

Kesho yake jua lilikuwa juu tulipopinda kona na kuikuta njia imezibwa. Mnyororo mnene, wa kukokotea magogo, ulikuwa umevutwa kutoka mti wa ukingo huu mpaka mti wa ukingo ule, umefungiwa mapipa matupu usizame. Katikati kilining'inia kibao: MALI BINAFSI. KUPITA NI MARUFUKU. Pande zote mbili msitu ulikuwa umekatwa, na seng'enge imekwenda mbali.

Nilishtuka. Bakari hakushtuka, nami nikageuka nikamtazama. Aliushika mnyororo kwa mkono mmoja kama mtu anayeshika mlango anaoujua.

Walinzi wawili walitoka kibandani, mmoja mrefu mwenye bunduki, mmoja mfupi mwenye rungu.

"Wewe tena," yule mfupi alimwambia Bakari. "Safari hii umeleta nani?"

"Abiria. Wanakwenda msibani."

"Wote wanaopita hapa wana msiba. Kisha tunawakuta na chekecheo wanachota mchanga wetu kutafuta mawe. Shukeni. Mzigo ukaguliwe, halafu mrudi mlikotoka. Eneo hili lote lina mwekezaji."

Mimi nilikuwa nimeshainuka kushuka. Bunduki ni bunduki. Mama akasema, "Kaa, baba."

Nikakaa.

"Ardhi hiyo ni ya nani?" alimwuliza mlinzi.

"Ya mwenye shamba, bibi."

"Basi siikanyagi. Nikiikanyaga nimeingia kwa mtu bila hodi. Mimi niko majini."

"Maji nayo ni yake."

"Ameyatoa wapi?"

Walinzi walizungumza wenyewe, kisha mfupi akaondoka kwa baiskeli kumwita mkubwa wao. Tulibaki pale jua likituchoma, Bakari ameushika mnyororo tusichukuliwe na maji. Adhuhuri ilipofika mama aliinama, akachota maji ya mto kwa kiganja, akatawadha, akaswali palepale alipokaa. Mlinzi mrefu aliishusha bunduki begani, akageuza uso wake pembeni mpaka alipomaliza.

Msimamizi alikuja na Landrover. Alikuwa mtu wa mjini, mpole kwa sauti, na mpole wa namna ile ananitia wasiwasi kuliko mkali. Alimwamkia mama shikamoo. Akaeleza kwamba serikali imempa mwenye shamba eneo hilo kwa miaka mingi, ukingo huu na ukingo ule.

"Kingo mbili nimesikia," mama alisema. "Na katikati?"

"Katikati ni mto tu, bibi."

"Mto huu umeanzia shambani kwako?"

"Hapana."

"Unaishia shambani kwako?"

"Hapana. Unakwenda Ruvuma."

"Basi nao unapita tu. Umeufunga mnyororo na bado unapita. Ni sisi tu uliotufunga."

Msimamizi alitabasamu, akasema hakuja kubishana, angalau mzigo ukaguliwe, kwa sababu watu wanaficha mawe hata kwenye nepi za watoto. Macho yote yakaenda kwenye kifurushi. Na yangu pia, nakiri. Tangu Songea nilikuwa nataka kujua.

"Mikono ya watu hawa haitakigusa," mama alisema. Alinipa kifurushi kwa nyuma, juu ya bega lake, bila kugeuka. "Mkwe, fungua."

Yalikuwa mafundo mengi, nikayafungua moja moja. Ndani kulikuwa na nguo nyeupe, mpya, isiyopindwa, imekunjwa vizuri. Juu yake pamba, kipande cha sabuni, kafuri katika karatasi, na ubani kidogo.

Mlinzi mrefu ndiye aliyeelewa kwanza. "Inna lillahi," alisema taratibu, akarudi nyuma hatua moja.

Mimi nilichelewa. Nilidhani ni vitu vya marehemu. Kisha nikakumbuka marehemu amezikwa zamani. Ile ilikuwa sanda yake mwenyewe, na mtu hachukui sanda kwenda mahali anakotarajia kurudi. Nilikuwa nimempeleka mama nikidhani nampeleka arobaini na kumrudisha. Nilifunga tena yale mafundo na sikuweza kuyafunga vizuri kama yeye.

Msimamizi alikuwa amevua kofia. "Mpitisheni bibi," alisema. "Leo tu, kwa ajili yake. Lakini huyu mwenye mtumbwi akishamfikisha, asionekane hapa tena."

Mlinzi mfupi aliinama kwenye kufuli.

"Hapana," mama alisema.

Wote tulimtazama.

"Unanipitisha kwa sababu umeiona sanda yangu. Kesho akija mwanamke na mtoto mgonjwa, atakuonyesha nini? Sikuja kuomba. Nipitishe kama mpita njia, na mwingine akija apite hivyohivyo. Ukimwona mtu anachota mchanga wako, mkamate. Anayepita, apite. Hutaki, nitakaa hapahapa."

Hapo nilivunja adabu yote. Niliinama mbele nikamtazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe. "Mama, tafadhali. Arobaini ni kesho. Tumekubaliwa. Tupite, mengine wataongea wenyewe."

"Najua ni lini," alisema. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na ndipo nikaona kwamba anaogopa, na kwamba alikuwa ameogopa muda wote ule. "Aliyekufa ni mdogo wangu mimi."

Akageuka tena mbele, akaweka mikono magotini.

Msimamizi alisimama pale. Alitazama seng'enge, akatazama kibao, akatazama jua. Ninachoweza kusema ni kwamba hakusema mama ana haki. Alivaa kofia yake, akaenda kwenye gari, na akiwa ameshafungua mlango alisema, "Fungua."

"Wapite wote, mkubwa?" mlinzi mrefu aliuliza. "Na kesho?"

"Nimesema fungua."

Gari likaondoka. Mlinzi alifungua kufuli, mnyororo ukazama, mapipa yakaenda kugonga ukingoni. Tulipopita juu yake niliusikia ukikwaruza chini ya mtumbwi, kuanzia mbele kwa mama mpaka nyuma kwa Bakari.

Tulipofika mbali nilimgeukia Bakari. "Ulijua."

"Nilijua, kaka."

"Ndiyo maana abiria wengine hukuwataka."

"Wanaume wakija wanapigwa. Mimi wameshanipiga mara mbili, na mtumbwi wangu wa kwanza waliupasua kwa shoka. Nilisema nikimpata mtu mzima, mwanamke, mzaliwa wa mto huu, labda wataona haya." Alipiga upondo chini. "Nilitaka kukuambia pale juu. Nikaona ukijua hutakuja."

"Nisingekuja."

"Basi."

Nilitaka kumtukana, lakini mama alisema kutoka mbele, "Bakari, wewe ni mtoto wa nani?" Bakari akamtaja baba yake, na babu yake, na mama akasema babu yake alikuwa mwizi wa nyavu. Bakari akacheka. Mimi sikucheka. Mtu amekutumia kama chambo, halafu unaambiwa ni jirani.

Kijijini kwao mama

Tulifika giza linaingia. Waliomwona mama akishuka mtumbwini walikuja kimya kimya, kisha kilio kikaanza, na kwa mara ya kwanza mama naye akalia, sauti kubwa, ameshikwa huku na huku.

Kesho yake ilisomwa hitima na tukala wali na nyama ya mbuzi kwenye sinia. Niliketi na wanaume. Waliniuliza tumepita njia gani, nikasema mtoni. Mikono ikasimama kwenye sinia. Mzee mmoja aliweka tonge lake chini akaniuliza kwa utaratibu kama mimi ni mtu wa mwekezaji. Nilisema mimi ni seremala kutoka Songea. Akasema hata seremala anaweza kutumwa. Tangu mnyororo uwekwe, alisema, hakuna aliyepita pale, na jana anapita mgeni, Mkristo, na bunduki ipo? Nikabaki natazamwa kama nilivyomtazama Bakari siku mbili nzima. Ni Bakari mwenyewe aliyeniokoa, akawasimulia. Walipomaliza kumsikiliza walinisogezea nyama, lakini yule mzee aliendelea kunitazama.

Asubuhi ya kuondoka mama aliniita nje.

"Nyumba ya mdogo wangu haina mtu," alisema. "Nitakaa."

"Nimeelewa, mama."

"Habari ya kile kifurushi usimwambie Zainabu."

"Nitamwambia."

Alifikiri. "Basi mwambie polepole."

Kurudi

Nilitembea mpaka barabarani, nikapata lori la Tunduru, na kutoka Tunduru nikazungukia Masasi na pwani, kwa sababu daraja lilikuwa bado. Kila kizuizi walitukagua, soli za viatu, hata sabuni ikachomwa sindano. Nilikuwa mchafu, nimekonda, natoka Tunduru bila mzigo. Mimi mwenyewe ningejishuku.

Zainabu nilimwambia polepole kama nilivyoagizwa. Alimweka mtoto kitandani, akaenda uani, akakaa huko mpaka moto ukazimika. Hakunilaumu. Alisema mama yake hajawahi kumwambia mtu kitu kabla hajakimaliza. Tangu siku hiyo, kila akisikia mtu amepiga hodi jioni, alikuwa anasimama ameshika kifua.

Juma lililopita hodi ilipigwa. Alikuwa Bakari, amekuja Songea kununua nyuzi za nyavu. Zainabu alikaa chini kabla ya kumkaribisha, akisubiri habari ya msiba.

Bakari alisema mnyororo waliurudisha mvua zilipoisha. Mama alipopata habari alimwita ampandishe na mtumbwi. Akaketi mbele, wakaenda mpaka pale, akamwambia yule mlinzi mrefu, "Fungua, napita." Mlinzi akafungua. Mama akapita, akageuza, akarudi kwake. Hakuwa na safari yoyote. Tangu hapo kila siku ya mnada anapandishwa, na nyuma yake inafuata mitumbwi mingine, ya watu wenye safari zao. Siku asipokwenda, mnyororo haufunguliwi. Mwekezaji hajasema kitu, na serikali haijasema kitu.

Nilimwuliza Bakari safari hii nani amemtuma nani. Akaapa kwamba ni mama mwenyewe. Nilimtazama vizuri, na sikuona uongo, ingawa uongo wa mtu huyu siuoni haraka.

Zainabu hakujali habari ya mnyororo. Aliuliza jambo moja tu.

"Mama amezeeka sana?"

Bakari aliwaza kidogo, akitafuta jibu la kweli.

"Amenenepa," alisema.